Uji Kwanza, Tui Baadaye: Namna ya Kumlisha Mgonjwa Nyumbani Lamu

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na katika nyumba nyingi za Lamu methali hiyo hufuatwa kama ilivyo. Mtu akishikwa na homa au tumbo alfajiri, kabla ya adhuhuri jirani ameshabisha hodi na bakuli lililofunikwa. Ukarimu huo ni jambo jema na sitaki upungue. Ninalotaka kulieleza hapa ni utaratibu wake, kwa kuwa nimeshuhudia mara nyingi chakula kizuri kikimdhuru mgonjwa kwa sababu tu kimeletwa kabla ya wakati wake. Tumbo lililougua huhitaji maji kwanza, kisha uji mwepesi, kisha chakula laini kisichokuwa na mafuta, na mwisho kabisa ndipo tui, samli na pilipili hurudi mezani.

Niliujua utaratibu huu baada ya kukosea. Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu aliharisha usiku kucha, na asubuhi nikampikia uji wa mchele kwa kasimile, yaani tui zito la kwanza, kwa kuwa ndivyo anavyoupenda akiwa mzima. Alikunywa vijiko sita, akatapika vyote pamoja na maji kidogo aliyokuwa ameyahifadhi tumboni tangu alfajiri, na ilitubidi tuanze upya kumnywesha kwa kijiko hadi alasiri. Uji wenyewe haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mafuta ya nazi, kwani chakula chenye mafuta hukaa tumboni muda mrefu kabla ya kuteremka, na tumbo lenye kichefuchefu haliwezi kukivumilia.

Maji kabla ya jiko

Mwenye homa hupoteza maji kwa jasho na kwa pumzi, na anayetapika au kuharisha hupoteza maji pamoja na chumvi. Upungufu huo ndio unaomlegeza mgonjwa, na kwa mtoto mdogo au mzee unaweza kumuua mapema sana kuliko njaa. Kwa hiyo, katika saa za mwanzo usihangaike na kupika. Keti karibu na mgonjwa, ushike kikombe na kijiko, umpe maji, kijiko kidogo kimoja kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uanze tena polepole zaidi. Mgonjwa mwenye kiu kali hutamani kuigugumia glasi nzima kwa mkupuo mmoja, na aghalabu glasi hiyo ndiyo inayorudi.

Kwa anayeharisha, kinywaji bora kuliko vyote ni mchanganyiko wa chumvi na sukari unaouzwa katika pakiti, ambao zahanati na maduka ya dawa huuita ORS. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kuichanganya, kwa sababu kuna pakiti za nusu lita na za lita nzima, na ukikosea kipimo dawa huwa kali kupita kiasi au hafifu. Ikiwa pakiti haipatikani, chukua lita moja ya maji safi, utie nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vikiwa vimesawazishwa na si vya kurundika, ukoroge hadi viyeyuke. Chupa mbili za maji za nusu lita hukupa lita moja kamili bila kubahatisha. Onja kabla ya kumpa mgonjwa: ladha ya chumvi isizidi ile ya machozi. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe takriban mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, na mkubwa zaidi ya hapo mililita 100 hadi 200. Kitakachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Kwa sisi wa visiwani, aina ya maji yenyewe inataka uangalifu wa ziada. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvichumvi, na maji matamu tunayoyategemea hutoka katika visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, au katika matangi ya maji ya mvua, na katika visiwa vya jirani kwenye majabia, yaani mabirika ya kukingia maji ya mvua. Ukichanganya dawa hii kwa maji ambayo tayari yana chumvi, chumvi itazidi, na kwa mtoto mchanga ziada hiyo ni hatari ya kweli. Tumia maji matamu peke yake, uyachemshe hadi yabubujike kwa dakika moja kamili, kisha uyaache yapoe katika chombo chenye kifuniko. Maji ya mvua yaliyokaa tangini nayo yachemshwe, hata kama ni meupe kama kioo.

Dafu nalo lina nafasi yake, lakini tusilitwishe kazi isiyokuwa yake. Maji ya dafu yana potasiamu kwa wingi na sodiamu kidogo, ilhali anayeharisha hupoteza sodiamu nyingi. Kwa hiyo dafu linamfaa mwenye homa au aliyechoka kwa kukosa hamu ya kula, na kwa anayeharisha sana liwe nyongeza, wala lisishike nafasi ya ORS. Chagua dafu lenyewe, ambalo nyama yake hukombwa kwa kijiko kama ute. Koroma, yaani nazi iliyopita udafu lakini haijakomaa, liachie wengine. Lifunguliwe mbele yako na linywewe papo hapo. Mwenye maradhi ya figo asilinywe bila kumuuliza daktari, kwa sababu ya potasiamu hiyohiyo.

Soda na maji ya matunda ya pakiti huletwa na wageni kwa nia njema, lakini sukari yao nyingi huvuta maji kuyaingiza utumboni na kuzidisha kuharisha. Chai ya rangi nyepesi inakubalika. Mwenye kichefuchefu mtengenezee maji ya tangawizi: ponda kwa mchi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, ukichemshe katika vikombe viwili vya maji kwa dakika 10, uchuje, utie sukari kidogo, na anywe kwa kuonjaonja yakiwa vuguvugu. Mwenye kikohozi au koo linalowasha anaweza kuongezewa kijiko cha asali na matone ya ndimu. Asali isipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata kwa kulambishwa kidoleni, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, na utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kuvizuia.

Uji wa mchele, na namna ya kuujua umeiva

Mgonjwa akikaa saa tatu au nne bila kutapika, washa jiko. Huna haja ya kungoja zaidi, kwani kumnyima chakula anayeharisha kwa siku nzima, kama baadhi ya wazee wetu walivyoamini, humwongezea udhaifu na kuchelewesha kupona kwa utumbo.

Chukua nusu kikombe cha mchele. Chenga zinazouzwa kwa bei nafuu dukani zinafaa kuliko mchele mzima wa pilau, kwa kuwa huiva upesi na kutoa wanga wake bila ugumu. Zipepete, uzitoe mawe, uzioshe kwa maji mawili au matatu, kisha uziloweke kwa nusu saa. Punje iliyolowa vizuri huvunjika ukiibana kati ya vidole viwili. Mimina vikombe vitano vya maji katika sufuria yenye kitako kizito, utie mchele na robo kijiko cha chai cha chumvi, uchemshe, kisha upunguze moto. Kama unatumia jiko la makaa, ondoa baadhi ya makaa na uyafunike yaliyosalia kwa jivu kidogo, kwani uji wa mgonjwa huharibiwa na moto mkali: chini unashika, juu unabaki maji, na ile harufu ya kuungua, hata ikiwa ndogo, hutosha kumfanya mgonjwa ageuze uso ukutani.

Baada ya dakika 15 hivi, utaona punje zikielea mbalimbali katika maji yaliyofifia. Huo bado si uji. Baada ya nusu saa, punje hufunguka na kupasuka ncha, na maji huanza kuwa mazito. Koroga kwa mwiko kila baada ya dakika chache, ukikwangua kitako. Kufika dakika 40 au 45, povu jepesi la juu hutoweka na mahali pake huja mapovu makubwa yanayopanda na kupasuka kivivu. Inua mwiko: uji ukitiririka kama uzi usiokatika, umeiva. Ukidondoka kwa mabonge, ongeza maji ya moto. Usiongeze ya baridi, kwani yatautenganisha.

Mlo wa kwanza mchujie. Pitisha uji katika chujio, umpe yale maji mazito meupe peke yake, na nafaka iliyobaki uihifadhi kwa ajili ya mlo wa pili au wa tatu. Kipimo ninachokipendelea ni kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono vinavyotumika barazani, kwa kuwa mgonjwa akiona bakuli kubwa hukata tamaa kabla ya kuanza, lakini kikombe cha kahawa hukimaliza, na kule kukimaliza kwenyewe humpa moyo. Mpe kimoja kila baada ya saa moja au mbili. Hiliki moja iliyopondwa huufanya uji unukie, ila mwenye kichefuchefu usimtilie, kwani harufu tamu aipendayo mzima inaweza kuwa ndiyo inayomchafua mgonjwa. Muulize. Hapo ndipo mimi ninapoachana na methali: uji na aletewe bila kuulizwa, lakini namna anavyoutaka, na aulizwe.

Uji na wali visikae nje kwa muda mrefu katika joto letu. Katika mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na chakula kikiachwa vuguvugu huota na kutoa sumu isiyoondoka kwa kupashwa moto. Pika kidogo, na kilichokaa zaidi ya saa mbili bila jokofu kisirudishwe kwa mgonjwa.

Uji wa mtama na uji wa wimbi una nguvu zaidi, lakini pia una makapi mengi. Uache hadi siku ya pili au ya tatu, na unga uchekechwe vizuri.

Chakula laini cha siku zinazofuata

Mgonjwa akianza kuuliza chakula mwenyewe, mpikie ubwabwa, yaani wali wa maji uliopikwa hadi ukalainika kabisa, bila mafuta. Viazi vilivyochemshwa na kupondwa kwa chumvi kidogo vinafaa vilevile. Ndizi mbivu za kisukari ni tunda jepesi na humrudishia mgonjwa potasiamu aliyoipoteza. Mkate wa jana uliokaushwa juu ya jiko humsaidia anayeamka na kichefuchefu, akiula kabla ya kunyanyuka kitandani. Yai nalo lichemshwe hadi kiini kishikane. Maziwa yasiyoganda yanaweza kumsumbua aliyetoka kuharisha, kwa sababu utumbo wake hushindwa kwa muda kumeng'enya sukari ya maziwa, ilhali mtindi huvumilika zaidi. Tende na embe ni vitu vizuri kwa mwenye choo kigumu baada ya siku nyingi za kulala, na kwa sababu hiyohiyo havimfai ambaye tumbo bado linaendesha.

Lakini chakula ambacho pwani yetu inaweza kujivunia katika jambo hili ni samaki wa chukuchuku. Hakina tui wala mafuta, nacho humpa mgonjwa nyama laini ya kujenga mwili pamoja na mchuzi wa kunywa. Nunua samaki aitwaye changu, au kipande cha tewa ikiwa unamlisha mzee au mtoto, kwa kuwa mifupa yake ni mikubwa na huonekana. Mtazame samaki macho: yawe angavu na yaliyojaa. Funua mashavu: yawe mekundu. Bonyeza nyama kwa kidole: irudi mahali pake.

Katika sufuria weka vikombe vitatu vya maji, kitunguu kimoja kilichokatwa vipande vikubwa, nyanya moja, kipande kidogo cha tangawizi iliyopondwa na chumvi kiasi. Acha vichemke kwa dakika 10 ili maji yapate ladha, ndipo utie samaki. Punguza moto na ufunike, usikoroge tena, kwani samaki atavurugika na miiba itatawanyika katika mchuzi. Baada ya dakika 10 hadi 15, kwa kipande cha kawaida, nyama huwa nyeupe kote na huachana na mfupa ukiigusa kwa uma. Epua, kisha ukamulie nusu ndimu. Ndimu iliyochemka pamoja na mchuzi huweza kuacha uchungu. Pilipili, ambayo kwa mzima ndiyo roho ya chukuchuku, kwa mgonjwa isitiwe.

Sasa nawa mikono kwa sabuni, umtoe samaki katika sahani pana, na uichambue nyama kwa vidole mwenyewe, kipande kwa kipande, kwani kidole hugundua mwiba ambao jicho halikuuona. Changanya nyama hiyo na vijiko viwili vya ubwabwa, umwagie mchuzi uliochujwa. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu, nami sioni kitu kingine jikoni kinachoonyesha mapenzi kwa mgonjwa kwa uwazi kama huo.

Wakati wa kusi bahari huchafuka na samaki wabichi huadimika. Hapo supu ya kuku inachukua nafasi yake, ikitolewa mafuta yanayoelea juu. Ng'onda na papa mkavu havifai, kwa sababu ya chumvi yake nyingi.

Wagonjwa wanaohitaji uangalifu wa pekee

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida, na aliye chini ya miezi sita asipewe uji wala maji mengine, isipokuwa ORS ikiwa mhudumu wa afya ameelekeza. Mtoto anayeharisha huandikiwa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na vimalizwe hata kama choo kimeshatengemaa. Mwenye kisukari asiachwe bila kula, lakini uji, asali na dafu vyote huipandisha sukari yake, hivyo apimwe mara kwa mara na apewe kidogo kidogo. Katika mwezi wa Ramadhani wapo wagonjwa wanaojilazimisha kufunga kwa haya, ilhali Kurani yenyewe, katika Sura ya Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kuzilipa siku hizo baadaye.

Chakula hakitibu malaria wala kipindupindu. Homa yoyote katika pwani yetu ipimwe malaria siku hiyohiyo au inayofuata. Mpeleke mgonjwa hospitalini bila kungoja ikiwa anatapika kila anachopewa, ana damu katika choo, amepata degedege, amelala usingizi usioamshika kwa urahisi, hajakojoa kwa saa nyingi, macho yamedidimia, au ngozi ya tumbo ukiifinya hurudi polepole. Vilevile kwa mtoto anayekataa kunyonya au kunywa. Walio Pate, Siyu na Faza wanajua kwamba chombo hakipiti Mkanda, ule mkondo wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakipwa. Basi mkiwa na mgonjwa wa namna hiyo, ulizieni maji mapema na muamue mchana, kabla giza halijaingia na bahari haijatoka.

Kurudisha tui

Siku mbili baada ya tumbo kutulia, anza na tui la mwisho, lile jepesi linalopatikana kwa kuyakamua machicha mara ya tatu, ulitie kikombe kimoja katika uji au wali mahali pa kikombe kimoja cha maji. Akikaa nalo vizuri usiku mmoja, siku ya pili tumia tui la pili. Kasimile, samli na vitu vya kukaanga, mahamri, viazi karai na sambusa vikiwemo, viongojee hadi mgonjwa amemaliza sahani yake ya kawaida kwa siku tatu mfululizo. Majirani wakileta sinia la biriani kabla ya hapo, pokea kwa shukrani, walishe wanaouguza, ambao mara nyingi wameshinda na njaa, na mgonjwa mwekee vijiko viwili vya wali mweupe wa pembeni usioguswa na masala.